Nusu ya 230

Wadau hii ni ya kweli kabisa, na mke wangu akiisoma atasema nimepunguza.

Sipiyu yetu ya nyumbani, yaani lile boksi la kompyuta, ni ya mtumba, nilinunua Kariakoo, lile dude la zamani ukilibeba ni kama umebeba kiroba cha unga, linakaa kwenye kona ya sebule. Mke wangu ni mwalimu, ndiyo anachapia mitihani. Jumamosi moja jioni tuna mgeni, baba mkwe katoka Musoma, mzee ni mwanajeshi mstaafu, maneno machache, anakuangalia tu, na mimi kule kwake bado nadaiwa ng'ombe wawili wa mahari kwa hiyo nikikaa naye sebuleni hata kukohoa nakohoa kwa adabu. Basi mama akawasha kompyuta achape mtihani wa Jumatatu, monita nyeusi tii, sipiyu inalia piii, piii, piii. Akaniuliza, "Baba watoto, nimpigie fundi?" Mbele ya baba yake! Nikamwambia fundi wa nini na mimi nipo.

Na kusema ukweli nilianza vizuri. Nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kile kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki uishe, nikafungua ubavu. Mle ndani vumbi limeshikana kama manyoya ya paka, feni ina utando wa buibui, na pale chini pembeni kuna mayai mawili ya mjusi, meupe, yametulia zake. Mzee akasogeza kiti aone. Nikapuliza, vumbi lote likamwendea yeye, akavua miwani akaifuta na shati, hakusema kitu. Sasa ule mlio mara nyingi huwa ni ramu, yaani kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kwa hiyo nikasukuma vile vishikizo viwili, ikaruka juu, nikaomba raba ya mtoto ya shule nikaanza kusugua vile vimeno vya rangi ya dhahabu taratibu, upande huu, upande huu, raba ikawa nyeusi kama masizi. Nikairudisha nikakandamiza mpaka ikalia tak huku na tak huku. Kuwasha, ikalia pii moja fupi, halafu picha hiyoo!

Kukaja maandishi ya kwamba saa imepotea, bonyeza F1 uendelee, tarehe inasoma 1 Januari 2009. Nikamweleza mzee kuwa hako ni kabetri ka volti 3, ka duara kama sarafu, kameisha tu, ndiyo maana haikumbuki siku. Mzee akacheka. Wadau, mzee alicheka! Tangu nimuoe binti yake sijawahi kuona meno yake. Akasema, "Mwaka 2009 wewe ulikuwa hata barua ya posa hujaleta. Ingebaki hapo hapo tu."

Pale ndipo nilipotakiwa kwenda kuoga.

Ila mama kamaliza kuchapa, kazima, akalalamika kidogo kuwa hili lidude linakula umeme, juzi kaweka LUKU ya elfu kumi na imeshakatika. Mimi nilikuwa nalirudisha kwenye kona, nikaona kwa nyuma, karibu na pale waya unapoingia, kaswichi kekundu kameandikwa 230. Ukikasogeza kunatokea 115. Kichwa kikapiga hesabu chenyewe.

"Baba, hebu ona hapa. Miaka yote tunatumia 230 kumbe 115 ipo. Nusu kabisa."

"Na kazi itafanya ile ile?"

"Itafanya, ila polepole kidogo."

Mpaka leo sijui hilo la polepole nililitoa wapi. Nikachukua bisibisi, nikakasogeza, tik. Nikachomeka, nikawasha swichi ya ukutani, hata kitufe cha sipiyu sijakifikia.

PAAAA!

Cheche za bluu zikatoka kwa nyuma, moshi, harufu kama mtu kachoma ndala, meni swichi ikajikata, giza nyumba nzima, friji kimya. Halafu sauti ikatoka sakafuni: "CHINI WOTE! ASIINUKE MTU!" Mzee yuko nyuma ya kochi, kamkamata mjukuu mguu mmoja, chai yote kwenye zulia. Na mimi nikalala kifudifudi. Hatari ilikuwa imeshapita, ila mkwe kaamuru utafanyaje. Akatuhesabu gizani mmoja mmoja, majirani wanagonga mlango wanauliza kama ni gesi.

Kesho yake fundi kaja, kageuza sipiyu, kaangalia nyuma. "Nani kagusa hii?" Kimya. Mimi naangalia dari. Mtoto akasema, "Baba alikuwa anapunguza umeme." Fundi akaomba maji ya kunywa kwanza. Ndiyo akanielewesha kuwa kile kiswichi hakipunguzi chochote, kinaiambia pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinacholisha sipiyu umeme, kwamba umeme unaoingia ni mdogo, ule wa kama Marekani, kwa hiyo iudabo, yaani iuzidishe mara mbili. Wa kwetu ni 230 tayari, ikaudabo hivyo hivyo, kapasita, vile vikopo vyake vya kutunza umeme, zikapata zaidi ya volti 600 wakati hazikutengenezwa kwa hiyo. Akanikataza pia kuifungua hiyo pawa saplai, maana hata ukichomoa waya zile kapasita hubaki na umeme wa kukurusha. Madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ilipona, mitihani yote ipo. Alibadilisha pawa saplai tu, akasema, "Nimekutafutia isiyo na swichi."

Wiki iliyopita baba mkwe kanipigia mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Anasema redio yake inakoroma. Nikamwambia shikamoo baba, likizo hii nakuja huko niiangalie.

"Hapana mwanangu, wewe kaa. Nilikuwa naomba namba ya yule fundi."