Umeme wa jirani na simu ya saa tisa usiku

Wanaopinga kuunganisha gridi za nchi jirani hukumbusha kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ushahidi wanao. Tarehe 28 Septemba 2003, saa tisa na dakika moja usiku, njia kubwa ya umeme nchini Uswisi iligusana na mti ikajikata. Mzigo wake ukahamia njia nyingine, ambayo ikaanza kuelemewa. Dakika kumi baadaye Waswisi wakapiga simu Italia: punguzeni megawati 300. Zikapunguzwa, hazikutosha. Saa tisa na dakika 25 njia ya pili ikakatika, nyingine zote zikafuata, na Italia, iliyokuwa ikivuta zaidi ya megawati 6,000 kutoka nje, ikabaki peke yake. Baada ya dakika mbili na nusu karibu nchi nzima ilikuwa gizani, isipokuwa kisiwa cha Sardinia.

Je, kosa ni la ule muungano? Sidhani. Umeme wa nje ulikuwa nafuu, mitambo mingi ya nyumbani ikapumzishwa, na ile iliyokuwa ikizunguka haikuweza kuziba pengo la ghafla. Tena simu ilichelewa, na kiasi kilichoombwa kilikuwa kidogo mno.

Upande wa pili una Hispania na Ureno. Zilipozimika tarehe 28 Aprili 2025, chanzo kilikuwa volteji, yaani msukumo wa umeme, iliyopanda kupita kiasi ndani ya Hispania kwenyewe. Rasi hiyo imeungana na Ufaransa kwa njia chache, kwa hiyo ni kama kisiwa. Na kazi ya kuwasha upya ilisaidiwa na nani? Umeme wa Ufaransa na Moroko, kwa sababu mtambo uliozimika kabisa mara nyingi huhitaji umeme wa kuuamsha.

Ndiyo maana swali langu kwa mradi wowote wa namna hii si megawati ngapi zitapita. Ni kwamba njia hiyo ikikatika sasa hivi, nani anabeba mzigo kabla mhudumu wa gridi hajafikia simu?

Wengine huona jibu liko kwenye umeme wa mkondo mnyoofu (DC), unaotiririka upande mmoja tu, ambao hupitisha nishati bila kufunga gridi mbili kwenye mdundo mmoja, hivyo mtikisiko wa huku hauvuki kirahisi. Vituo vyake vya kugeuza umeme ni ghali. Na kebo yenyewe ikikatika, megawati zake zinapotea vilevile.