Kiinua mgongo chenye magurudumu

Nilipostaafu waliniuliza kiinua mgongo nitakifanyia nini. Nikajibu: kupumzika. Mama Watoto akacheka kile kicheko cha mtu aliyekwisha kulipia kitu. Wiki ya pili uani pakasimama gari lenye jiko, kitanda, bomba na choo, nikakabidhiwa ufunguo. Tangu siku hiyo kiinua mgongo kimeniinamisha mgongo.

Wenye nyumba za kawaida mnadeka. Mkiwasha taa inawaka, basi. Hii yetu kila kitu ni hesabu. Maji tunayo lita 100. Mtu akioga kama bwana harusi, kesho yake tunapiga mswaki kwa soda. Maji machafu yana tanki lake. Choo nacho kina tanki lake la lita 20 hivi, lina mpini na vijigurudumu kama begi la safari, na lina taa nyekundu ya kusema limejaa. Taa ile sijawahi kuiona ikiwaka mchana. Inangoja saa nane usiku, mvua inanyesha, na wa kuiitikia ni mimi. Friji la gesi ndilo lenye maringo kuliko wote: gari likikaa kombo, halipoozi kitu. Kwa hiyo tukifika mahali, hata salamu bado, mimi niko chini nasukumiza vibao kwenye tairi, na Mama Watoto kasimama mlangoni na pimamaji. "Bado, baba. Kidogo tena. Aa, umezidisha! Rudi."

Halafu ananyamaza. Anageuza sikio. Hapo ndipo moyo wangu unaposhtuka, maana najua kasikia ngoma.

Mwanamke huyu simu ikilia chumbani hasikii. Ngoma ikipigwa kilomita tatu, tena upepo unavuma kwenda huko, anaisikia na kukwambia kama ni ya mavuno au ya harusi.

"Baba Watoto, kuna watu wana shughuli yao."

"Yao, mama. Umeisema mwenyewe."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwenyeji anapona kweli. Anayeugua ni tumbo langu. Kwa sababu kila shughuli ina bibi mmoja, sijui huwa wanamchagua kwa kura, ambaye kazi yake ni kukaa karibu na mgeni na kuitazama sahani. Ukibakiza, anauliza kwa macho kosa limetokea wapi. Ukimaliza, umetaka mwenyewe. Juzi nilimwonyesha mmoja kidole, kwa maana ya kijiko kimoja tu. Akaniwekea samaki mmoja. Mzima, na kichwa, amelala juu ya pilipili ananikodolea jicho, na nyuma yake bibi naye ananikodolea. Nimekaa ofisini miaka thelathini na mitano, nimekaguliwa na wakaguzi wa kila aina, sijawahi kukaguliwa vile.

Lugha yao hatuijui hata neno. Lakini kufika jioni Mama Watoto alikuwa jikoni anakoroga sufuria la watu, kafungwa kitambaa kichwani, keshajua chumvi inatiwa lini na nani hasemeshani na nani. Mimi nilivutwa uwanjani nikacheze. Goti langu la kushoto likacheza ngoma yake peke yake. Walipiga makofi sana, na mpaka leo sijui yalikuwa ya heshima au ya kuniombea.

Haya yote ningeyanyamazia, lau si makopo. Kila tulipokula lazima atoke na kopo: achari, asali, samaki mkavu, unga wa mti ambao hata waliompa walibishana jina lake. Nilisema, gari hili lina mwisho wa uzito. Nikajibiwa kuwa nina gubu.

Basi tukafika mizani. Kijana wa zamu akasoma, akasoma tena: tumezidi kilo 70. Nikamgeukia Mama Watoto na uso wa ushindi niliouweka akiba miezi minne. Akasema taratibu, "Tuanze na sanduku lako la spana." Ikabidi lishushwe. Yakashuka na majeki mawili (moja bovu, lakini linatengenezeka), na mnyororo ambao ni kweli sijawahi kuutumia. Nikaona aibu, nikaamua makopo nayo yaonje. Tukatandika mkeka kando ya barabara, tukala achari, samaki na asali, mpaka nikalegeza mkanda tundu mbili. Tukarudi kwenye gari, tukapanda juu ya mizani kwa matumaini.

Kijana akachungulia dirishani. "Mzee, ulichotoa kabatini ukakitia tumboni, mizani inakiona vilevile."

Mwisho tulimwaga maji lita 80, ndiyo kilo 80 hizo, tukapita. Maji ya bure yakatuokoa, na mnyororo wangu ukarudi mahali pake. Yule kijana tukamwachia kopo lililobaki. Akaonja, akafumba macho, akasema kwao kuna achari kali kuliko hii, na Jumamosi wana sherehe.

Kugeuka, Mama Watoto tayari ana kalamu mkononi.

Leo Ijumaa. Tumeshafika, vibao viko chini ya tairi, na taa nyekundu imewaka.