Mashine mmeipaka dhahabu, karatasi je?

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo.

Jumamosi nilikuwa kwenye sendoff, ukumbi mmoja wa hapahapa Dodoma ambao siutaji kwa sababu chakula chao ni kizuri na nitarudi. Mlangoni, kabla hujafika meza ya kadi, wameweka mashine ya kuchapia. Heidelberg ya zamani, ile yenye mikono miwili inayozunguka ikinyakua karatasi moja baada ya nyingine kama mtu anayegawa karata. Wameipaka rangi ya dhahabu. Yote, mpaka roli za wino. Juu wametua chungu cha maua ya plastiki, pembeni taa ya duara, na kamati nzima ya sherehe ilikuwa imepanga foleni kupiga picha.

Niliitambua kwa kishikio. Kile cha asili kilikatika zamani, fundi mmoja wa Majengo akachomelea kipande cha nondo. Nondo imepakwa dhahabu nayo. Nilipoishika, mhudumu akanijia mbio: "Kaka, samahani, usiguse, ni antiki."

Antiki! Mjomba wangu aliipangia herufi mashine hiyo tangu 1968 mpaka macho yalipokataa.

Wenye umri wetu mnakijua kile kiwanda cha uchapaji ilikotoka. Kilikuwa kule madukani, mlango wa mbao wa kijani, harufu ya mafuta ya taa na wino inakufikia ukiwa bado upande wa pili wa barabara. Kadi ya harusi pale, kitabu cha risiti pale, ripoti ya shule pale, tangazo la msiba pale. Wenyewe wamezeeka, watoto wako ng'ambo, jengo limeuzwa, sasa panauzwa simu. Sina ugomvi na hilo. Mtu akichoka amechoka, na hakuna aliyewahi kwenda pale kuwasaidia kulipa leseni kwa sababu eti anapenda historia. Na mwenye ukumbi nampa haki yake, ingawa kwa shingo upande: asingeinunua yeye, ingekuwa nondo za kweli saa hizi.

Ugomvi wangu ni karatasi.

Kile kiwanda kilikuwa na desturi ambayo wachapaji wengi wa zamani walikuwa nayo. Kila kazi iliyotoka, nakala moja ilibandikwa kwenye buku kubwa la jalada gumu, na chini yake kwa penseli: namba ya kazi, idadi, jina la mteja, aina ya karatasi. Mteja akirudi mwaka unaofuata akasema "nichapieni kama zile," unafungua buku. Basi. Hakuna aliyekuwa anahifadhi urithi wa mtu. Lakini kwa kufanya hivyo kila siku, miaka na miaka, walikuwa wameandika historia ya mji huu kwa namna ambayo profesa hawezi. Mabuku yalikuwa zaidi ya 30, yamelazwa juu ya kabati karibu na gilotini, mashine ya kukatia karatasi.

Niliyafungua mara moja tu, nikiwa chuo, nimetumwa kumpelekea mjomba chakula. Nilikaa mpaka chakula chake kikapoa. Kurasa za mwanzo ni Tanganyika. Halafu unafika mahali jina la nchi linabadilika, lakini mteja hataki kutupa karatasi alizolipia, kwa hiyo "Tanganyika" imefutwa kwa mstari na "Tanzania" imegongwa juu yake. Mbele kidogo "P.O. Box" inageuka "S.L.P." Vichwa vya barua vya halmashauri vipo, vipo, halafu 1972 vinakatika ghafla, maana ndio mwaka serikali za mitaa zilipovunjwa. Unafunua, unafunua, vinarudi miaka ya themanini baada ya kuundwa upya. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976: risiti zao zinakoma, zinaanza za mamlaka za mazao. Mjomba alisema kila Dar walipobadilisha jina la idara, wao huku walikuwa wanapata oda ya mwezi mzima. Mchapaji hakuwahi kulalamikia mageuzi.

Na bado hujafika kwenye mambo ya watu. Tiketi za mabasi ya Kondoa na Singida, kampuni zilizokufa bila hata kaburi. Kadi za mwanachama wa timu ya mtaa. Lebo za chupa. Mialiko ya kipaimara. Vibali vya sukari vya ule wakati wa uhaba tunaoujua. Ukitaka kujua 1979 ilikuwaje, usinisomee hotuba, nionyeshe karatasi. Kadi ya harusi ya wazazi wangu imo mle, ya mwaka huohuo, nchi imetoka vitani Uganda. Ukiigeuza, nyuma ina mistari na safu za fomu ya mazao. Karatasi mpya hazikuwepo, kiwanda cha Mgololo kilikuwa bado hakijaanza kutoa karatasi, kwa hiyo walikata fomu zilizobaki na kuchapa upande mweupe. Mama yangu ameolewa juu ya fomu ya karanga.

Tena jina lake limekosewa herufi moja. Kadi 150, zote. Aliyekosea ni mjomba, kaka yake wa tumbo moja, na hapakuwa na karatasi ya kurudia. Alikaa usiku kucha na kalamu akirekebisha moja moja, na ile ya kwenye buku aliirekebisha pia, kwa uangalifu kuliko zote, kana kwamba mteja angekuja kukagua.

Hapa lazima niwaeleze habari ya herufi, nisameheni, nikianza siachi. Fonti, yaani seti za herufi za madini ya risasi, zilikuja zimepimwa kwa Kiingereza. Ukifungua trei, e zimejaa mpaka zinamwagika, t tele, na kuna q na x ambazo mpaka kiwanda kinafungwa zilikuwa zinang'aa kama meno ya mtoto. Lakini a hazitoshi na k chache kabisa! Na Kiswahili kinalamba a kama ng'ombe wa Kigogo kwenye magadi. Sasa mletee mtu huyo tangazo la kikao cha kukamilisha katiba ya kikundi. Neno "kukamilika" peke yake lina k tatu. Zikiisha, unaazima kwenye fonti nyingine, nene kidogo au nyembamba kidogo, ukiomba mteja asivae miwani. Ndiyo maana ukiangalia kwa makini karatasi za kale za huku kwetu, katikati ya sentensi unakuta k moja imesimama tofauti na wenzake, kama mgeni aliyekosea msiba. Yule ni Mdodoma. Hiyo k inakwambia kazi imepangwa na mkono wa nani, kwenye trei ipi, siku gani ya uhaba. Hicho ndicho kitu ambacho mashine iliyopakwa dhahabu haiwezi kukwambia. Heidelberg za aina ile zilitengenezwa kwa maelfu kwa maelfu mpaka miaka ya themanini, na dunia haitazikosa. Buku la sampuli la kiwanda kimoja cha Dodoma lilikuwa moja tu duniani.

Lilikuwa.

Mtaniambia kuna taasisi. Zipo, na naziheshimu. Kituo cha kumbukumbu cha taifa kimejengwa hapahapa mjini kwetu, na wakubwa hawakukosea: mvua yetu ni msimu mmoja, hewa kavu, karatasi haioti ukungu kama Dar au Unguja. Mchwa ndiye adui, na mchwa anazuilika. Ila wao wanapokea kwanza mafaili ya serikali. Maktaba ya taifa kwa sheria inadai nakala za vitabu, na vitabu vina pa kwenda: vya Central Tanganyika Press, waliopo Dodoma tangu 1954, utavikuta kwenye rafu, na vya wamisionari wa Ndanda, Peramiho na Kipalapala jina la mchapaji limeandikwa wazi ndani. Nani anadai nakala ya kitabu cha risiti cha duka la baiskeli? Hata mwenye duka haitaki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ndiyo inachekesha kabisa. Ili kifaa kihesabike kuwa cha kale kwa umri wake, kiwe kimetengenezwa kabla ya 1863. Mlango wa kuchonga umehurumiwa, wenyewe unatakiwa uwe wa kabla ya 1940. Sasa reli imefika Dodoma 1910. Aliye na karatasi iliyochapwa Dodoma kabla ya 1863 aje nimpe shamba langu la zabibu la Hombolo, ambalo nalo sina. Najua waziri anaweza kutangaza vitu vingine vilindwe. Haya, tumsubiri. Mawe ya nchi hii yana makumbusho yake hapa mjini, yamepangwa, kila moja na kikaratasi chake. Nina wivu na mawe.

Na wale wa "si mngeskani tu mkaweka mtandaoni": sawa, skani. Utaskani nini?

Sasa nifike ninapopakwepa. Mjomba alinipigia simu wiki tatu kabla. "Mjomba, wanatoa vitu. Njoo na gari tuchukue yale mabuku, mwenyewe amekubali." Nikamwambia wiki ijayo, mjomba. Nilikuwa na kikao. Wiki iliyofuata nilikuwa na kikao kingine, na nikasema moyoni, mabuku yamekaa miaka yote hiyo, yatashindwaje wiki moja? Gari ninalo. Kutoka kwangu Area C mpaka pale ni dakika kumi, na foleni ikiwepo labda ishirini. Siku niliyokwenda, vijana wa kubeba walikuwa wanafagia. Herufi za risasi zilikuwa zimeshapimwa kwa kilo. Aliyezinunua alisema zinakwenda Mtera, zinayeyushwa kuwa vizito vya nyavu. Mashine imeondoka na winchi. "Na yale mabuku?" Kijana akanyoosha kidole uani. Pipa lilikuwa bado la moto.

Sikumkemea. Ningemkemea kwa mdomo gani? Aliambiwa asafishe, akasafisha.

Kwa hiyo makala hii siiandiki nikiwa juu ya mti nawatupia mawe. Naandika nikiwa chini. Kuna viwanda vingine vya namna hii bado vina uhai, au vimekufa juzi na havijazikwa: hapa mjini, Singida, Kondoa, Mpwapwa. Kuna wajane waliobaki na ghala la mume na hawajui ni nini. Ukisikia kimoja kinafungwa, usikimbilie mashine, ina wenyewe wenye pesa na rangi. Omba mabuku, omba bahasha za prufu, zile nakala za majaribio, omba daftari la oda. Nenda siku hiyohiyo, hata kwa bodaboda. Ukivipata, viinue juu kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, toa pini za chuma kabla hazijaota kutu, weka mbali na dirisha. Piga picha kila ukurasa kwa simu, kisha zungumza na watu wa historia pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, au na hao wa kumbukumbu; wakikataa, wamekataa, walau wewe unazo. Na nawaomba kwa jina la wazee wetu wote, msilamineti! Sijui nani alitufundisha kwamba kitu cha thamani lazima kipikwe ndani ya plastiki. Cheti cha baba yangu kimelaminetiwa, kimegeuka rangi ya chai na hakitoki humo tena. Selotepu nayo vilevile, itaacha alama ya kahawia mpaka Yesu arudi.

Kuna atakayesema ndani ya karatasi hizo kuna siri za watu, madeni, kesi, nani alimwoa nani. Ni kweli, hilo lisimamiwe.

Jumapili, baada ya ile sendoff, nilikwenda kumwona mjomba Chang'ombe. Sikumwambia habari ya dhahabu, ila nadhani alikwisha kuambiwa, kwa sababu aliniuliza tu: "Kishikio wamekiacha?" Nikasema wamekiacha. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kopo la Africafe lililofungwa kwa mpira. Akalimimina juu ya meza, kwenye kitambaa cha mama mkubwa, kishindo kama cha mvua ya mawe. Herufi za risasi, ndogo, nyeusi za wino uliokauka. Nikachukua moja nikaigeuza kwenye mwanga. K. Nikachukua nyingine. K. Zote zilikuwa k.

"Hizi nilikuwa nawaficha wenzangu," akasema, akiangalia mlangoni kana kwamba mmoja wao angeweza kupita. "Kijana wa meza ya pili alikuwa hodari sana wa kumaliza k."