Kilo 57 za Mtunza Ghala

Kompyuta mpya ilifika kwenye ghala la chama cha ushirika Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, na kioo chake kikiwa bado na nailoni. Mtunza ghala akapiga marufuku mtu yeyote kuibandua. Iliyokuwepo kabla ilikuwa laptopu yangu mwenyewe, kizee chenye prosesa ya kiini kimoja, yaani ubongo mmoja tu wa kufanyia kazi. Ukiiwasha unaweza kwenda kununua mihogo ya kuchoma, ukarudi, ukaikuta bado inajinyoosha. Lakini kizee hicho kilipokea uzito kutoka mizani mbili, kwa waya wa mtandao, misimu miwili bila kugombana na mtu. Programu niliiandika mimi. Nikaihamishia kwenye mashine mpya ya viini vinne, nikanywa soda ya chama, nikarudi zangu Shangani, Mtwara mjini, nikijiona fundi.

Kesho yake saa tano asubuhi, simu.

"Mjomba, njoo. Acha unachokifanya, njoo."

Nikamkuta bibi mmoja kakaa juu ya magunia yake mawili, stakabadhi kaifunga kwenye pindo la kanga. Imeandikwa kilo 643. Pembeni yake mzee wa Nanguruwe, aliyeleta magunia manane, ameshika karatasi ya kilo 161 kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota nyoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mjukuu wangu, korosho zangu zimekwenda wapi?"

Nikamweleza kwamba kompyuta imechanganya kidogo. Akanitazama.

"Kwa hiyo siku hizi na kompyuta nayo ni kangomba?"

Ghala zima likacheka. Sisi tunaowajua kangomba, wale walanguzi wanaomfuata mkulima shambani na vipimo vyao vya ajabu, tunajua hilo si tusi dogo. Bibi naye hakutaka kufungua pindo. "Si wewe uliyetuambia mkutanoni kompyuta haikosei?" Ni kweli, nilisema, tena kwa kipaza sauti. Kumtoa kwenye ile stakabadhi kulichukua mpaka alasiri, na kurudia kupima mbele ya mashahidi watatu.

Ghala lilipofungwa nikabaki. Nikachukua jiwe moja, nikalipima mara mia mbili. Halikukosewa hata mara moja. Asubuhi, kabla ya chai, makosa matatu. Kama jino: ukifika hospitali linatulia, ukirudi nyumbani linakutoa machozi.

Nikalaumu waya, nikaubadilisha. Nikalaumu panya. Nikalaumu joto, nikaweka feni ikawa inapuliza vumbi la korosho kwenye pua za makarani. Kuli mmoja akashauri ghala lizindikwe, anamfahamu mtaalamu huko Newala. Nilikataa, mimi ni msomi, ingawa siku ya tatu niliuliza bei.

Mwisho nikafanya tunachofanya sote tukikwama: nikaiambia programu iandike kwenye kioo kila inachofanya. Nimepokea jina. Nimepokea kilo. Natoa stakabadhi. Kosa likatoweka! Siku nzima, foleni mpaka barabarani, hakuna kosa hata moja. Nikatangaza ushindi, nikanunuliwa wali na changu wa kukaanga. Kesho yake mtunza ghala akalalamika kwamba yale maandishi yanamchafulia kioo chake kipya (cha nailoni), nikayafuta. Adhuhuri haijafika, bibi mwingine akapiga vigelegele.

Usiku ule nikakumbuka kisa cha Mars Pathfinder, chombo cha Marekani kilichotua Mars Julai 1997, kikawa kinajizima na kujiwasha chenyewe kwa sababu kazi zake za ndani zilikuwa zinazibiana njia. Wahandisi waliigiza hali ileile kwenye pacha wake aliyebaki duniani, wakamnasa mdudu, yaani kosa lililojificha kwenye programu, wakatuma dawa mpaka Mars. Mimi mashine iko hatua mbili kutoka kitini kwangu na sijui inaumwa nini. Lakini neno "kuigiza" likanikaa. Mimi niliigiza nini? Jiwe moja, mizani moja, mtu mmoja. Mchana pale mizani zote mbili zinabonyezwa kwa pamoja!

Korosho zilikuwa zimeshafungiwa, ikabidi tupime watu. Mizani ya kwanza akapanda mtunza ghala, kilo 104 na viatu. Ya pili kuli mmoja mwembamba, kilo 57. Nikapiga kelele, "Harambee!", makarani wakabonyeza vitufe kwa mpigo. Sawa. Tena. Sawa. Mara ya tisa printa ikakohoa, na stakabadhi ya mtunza ghala ikatoka: kilo 57.

Niliruka kama nimeshinda bahati nasibu. Kila mizani ilikuwa na uzi wake ndani ya programu, kazi mbili zinazokwenda sambamba, ila kwa ubahili wangu nilizipa sanduku moja la kuwekea "mkulima aliyepo". Kwenye kiini kimoja nyuzi hupokezana, na mara nyingi wa kwanza humaliza kabla wa pili hajaingia. Kwenye viini vinne zinaingia pamoja kweli kweli: huyu kaandika jina, kabla hajatoa karatasi yule kashamwaga kilo zake humohumo. Na yale maandishi ya kwenye kioo? Kioo ni kimoja na kina kufuli lake, kwa hiyo nyuzi zilipanga foleni kusubiri kuandika, na foleni hiyo ndiyo ilikuwa inanifichia uchafu wangu.

Dawa ilikuwa mistari kumi na moja. Kila mizani ikapata sanduku lake, na namba ya stakabadhi ikawekewa kufuli. Tukapanda mizani mara mia tatu, kuli akalala akiwa amesimama.

Mtunza ghala hakushangilia. Ile karatasi aliikunja akaitia mfuko wa shati, na kesho yake nikasikia mkewe kaonyeshwa. Jioni akanivuta pembeni, nyuma ya magunia.

"Mjomba, ile programu ya zamani umeifuta kabisa? Jumatatu nina kliniki."