Aliyerejea ni nani? Mbwa mwitu weupe wa Marekani na hofu tuliyoiazima kwenye filamu

Watoto wawili wa mbwa mwitu, weupe pe, wameinua pua juu na kulia kwa ile sauti nyembamba ya mnyama ambaye koo lake halijakomaa. Video hiyo ilitolewa tarehe 7 Aprili 2025 na kampuni ya Marekani, Colossal Biosciences, pamoja na tamko zito: mlio huu haujasikika duniani kwa zaidi ya miaka 10,000. Romulus na Remus walizaliwa tarehe 1 Oktoba 2024, na Khaleesi, wa kike, akafuata Januari 2025. Kampuni ilisema hao ni mbwa mwitu wa kale (kwa Kiingereza, dire wolf), wale waliotoweka Amerika mwishoni mwa Enzi ya Barafu, na sasa wamerudishwa. Jarida la TIME likamweka mmoja wao kwenye jalada, na neno la kutoweka likiwa limepigwa mstari.

Watu walipokea habari hiyo kwa namna mbili. Walioogopa walikimbilia Jurassic Park, filamu ya 1993 ambamo dinosari wanafufuliwa kutoka kwenye vinasaba vya kale kisha wanawageukia waliowafufua. Waliofurahi nao walikuwa na hadithi yao, kwa kuwa mnyama huyu mamilioni walimfahamu kupitia tamthilia ya Game of Thrones. Jina Khaleesi limetoka humo humo, na mwandishi wa vitabu vyake, George R. R. Martin, ni mwekezaji katika kampuni hiyo. Kwa hiyo si haki kuwalaumu watu kwamba wamechanganya sayansi na hadithi za kubuni. Walikaribishwa wafanye hivyo.

Kinachonisumbua mimi ni jambo ambalo pande zote mbili zililikubali bila kulihoji. Aliyeshangilia na aliyetetemeka walianza na sentensi moja: mnyama amerejea. Je, amerejea?

Tuangalie kilichofanyika maabara. Wanasayansi walichukua jino la miaka 13,000 lililopatikana Ohio na fuvu la miaka 72,000 kutoka Idaho, wakasoma vinasaba vilivyobaki ndani yake. Vinasaba vya umri huo vimekatikakatika, havitoshi kuumba kiumbe. Vilitumika kama ramani tu. Seli yenyewe ilitoka kwenye damu ya mbwa mwitu wa kijivu aliye hai leo. Humo walihariri sehemu 20 katika jeni 14, wakahamisha kiini cha seli kwenye yai la mbwa lililoondolewa kiini chake, kisha viinitete, yaani mimba changa kabisa, vikapandikizwa kwa mbwa wa kufugwa, ndio waliobeba mimba.

Kati ya mabadiliko hayo 20, yaliyonakiliwa moja kwa moja kutoka kwa mnyama wa kale ni 15. Mengine yanahusu rangi, na hapa pana jambo la kutazamwa kwa karibu. Jeni za rangi za mnyama wa kale zingeweza kumsababishia mbwa mwitu wa kijivu uziwi au upofu, hivyo wataalamu wakachagua njia nyingine, salama zaidi, ya kuupata weupe. Kama uangalizi kwa afya ya wanyama, nawapongeza. Lakini maana yake ni kwamba ule weupe ulioiteka dunia kwenye jalada la TIME, jambo la kwanza ambalo jicho linaliona, haukurithiwa kutoka kwa mbwa mwitu wa kale.

Kampuni inasema mbwa mwitu wa kale na wa kijivu wanafanana vinasaba kwa asilimia 99.5. Ni namba inayotuliza moyo mpaka uipigie hesabu. Jenomu ya mbwa mwitu, yaani vinasaba vyake vyote, ina herufi takriban bilioni 2.4, na nusu ya asilimia moja ya hizo ni herufi milioni 12. Zilizoguswa ni sehemu 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba ukoo wa mnyama huyu ulitengana na wa mbwa mwitu wa leo zaidi ya miaka milioni 5 iliyopita, ndiyo maana wanasayansi humwita Aenocyon dirus na kumweka katika jenasi (kundi la spishi) yake peke yake. Wataalamu wa jamii ya mbwa katika IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, walitamka kwamba watoto hawa si mbwa mwitu wa kale, wala hawawezi kushika nafasi yake. Na mwezi Mei 2025, mwanasayansi mkuu wa Colossal, Beth Shapiro, alieleza mwenyewe kwamba ni mbwa mwitu wa kijivu waliofanyiwa mabadiliko 20. Maelezo hayo hayakupata jalada.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna kikwazo cha ziada. "Mbwa mwitu" kwetu ni jina la wanyama wawili. Kuna huyu wa Ulaya na Amerika, tunayemjua kupitia tafsiri za hadithi na Biblia, na kuna wa kwetu, mwenye mabaka na masikio ya duara, anayewinda kwa makundi kule kwenye hifadhi za Nyerere na Ruaha. Kwa nasaba wa kwetu yuko mbali na yule wa kijivu. Wamebaki takriban 6,600 tu Afrika nzima, na katika mbuga za Serengeti waliwahi kutoweka mwanzoni mwa miaka ya 1990 kabla ya mradi wa kuwarejesha kutoka Loliondo kuanza mwaka 2012. Msomaji wa Dodoma akiambiwa "mbwa mwitu aliyetoweka amerejea", ana haki kabisa ya kuuliza: yupi?

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema yote haya ni ulaghai. Utetezi wa kampuni una mantiki: mipaka ya spishi ni sisi binadamu tulioichora, na mnyama anaweza kutambuliwa kwa umbo na kazi yake katika mazingira. Nadhani wameubeba utetezi huo kupita uwezo wake, kwani watatu hawa wanaishi ndani ya uzio kwenye hifadhi ya zaidi ya ekari 2,000 na wanalishwa na watu, kwa hiyo kazi katika mazingira bado hawana. Ila mbinu zenyewe ni za kweli. Kutengeneza kloni, yaani nakala ya mnyama yenye vinasaba vilevile, kwa seli za damu, bila kumkata mnyama kipande cha ngozi, ni hatua kubwa. Siku ileile ilipotoa video ya watoto weupe, Colossal ilitangaza kuzaliwa kwa kloni nne za mbwa mwitu wekundu, jamii ambayo porini, kule North Carolina, wamebaki wachache mno. Habari hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito kwa mnyama anayepumua leo, na ndiyo iliyopita kimya.

Upande wa pili wa mizani uko kwenye siasa, na haukuchelewa. Siku chache baada ya tangazo, Doug Burgum, waziri wa Marekani anayesimamia ardhi ya umma na wanyamapori, aliandika akishangilia, akisema kilichoiletea nchi yake ukuu ni uvumbuzi, si kanuni, na kuikosoa orodha ya wanyama walio hatarini. Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Sihofii wanyama watatu kuruka uzio. Nahofia waziri, popote alipo, anayeanza kuamini kwamba kutoweka kuna dawa. Akiisha kuamini hivyo, mbona alinde bonde au amzuie mwenye msumeno?

Tanzania ilishaupitia mjadala huu, tena bila filamu yoyote. Chura wa Kihansi, mdogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba na mwenye kuzaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo moja la Udzungwa, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko na si kwingineko duniani. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi, maji yalipungua na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani. Mwaka 2009 IUCN ilitangaza kwamba wametoweka porini, na mwaka 2012 vizazi vya wale waliotunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo vilirudishwa Kihansi, kwenye manyunyu ya bandia yanayotoka kwenye mabomba.

Mnyama alitoweka, akarudi kwao, na ni yuleyule. Watu wetu hawakuogopa wala hawakushangilia. Waliuliza kuhusu fedha: kwa nini vyura wagharimiwe namna hii wakati kijiji hakina zahanati? Wapo waliowabeza kwa swali hilo. Mimi naliheshimu, kwa sababu ndilo swali ambalo Wamarekani walipaswa kuuliza walipoonyeshwa watoto weupe. Gharama ni kiasi gani, analipa nani, na mnyama ataishi wapi? Kwa Kihansi majibu yalikuwepo: kuna korongo, kuna mabomba, kuna umeme uliopatikana kwa gharama ya makazi yake. Kwa mbwa mwitu wa kale, wengi kati ya wanyama wakubwa aliowawinda wametoweka pamoja naye, na mifupa ya maelfu ya wenzake imelala katika mashimo ya lami ya La Brea, Los Angeles.

Kwa hiyo nikiambiwa nichague mahali pa kuelekeza maajabu haya ya maabara, nachagua hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Sudan, dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, alikufa huko tarehe 19 Machi 2018. Wamebaki majike wawili, Najin aliyezaliwa 1989 na bintiye Fatu aliyezaliwa 2000, na hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Wanasayansi wa mradi wa BioRescue huchukua mayai ya Fatu, huyarutubisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, na kuhifadhi viinitete. Mwezi Januari 2024 walitangaza mimba ya kwanza ya faru iliyotokana na upandikizaji, kwa kiinitete cha majaribio cha faru weupe wa kusini. Jike aliyeibeba alikuwa amekufa kwa maambukizi ya bakteria baada ya mvua kubwa, na ndani yake wakakuta kijusi cha kiume cha siku 70, urefu sentimita 6.4. Kilikuwa kimekua vizuri.

Mtoto wa Fatu akizaliwa na faru wa kusini, hakuna atakayebishana kuhusu jina lake. Wanasayansi wanaharakisha kwa sababu moja ambayo filamu hazikuigusa: wanataka azaliwe Najin na Fatu wangali hai, ili awepo wa kumwonyesha faru wa kaskazini anavyoishi. Najin ameshapita miaka 35.