Nani analisha mradi kabla ya siku ya kuhesabu?

Mama mtunza hazina wetu hasomi Kifaransa kwa haraka, lakini akifika kwenye ukurasa wa pesa haachi neno lipite. Alikuwa ameketi chini ya mwembe, katika parseli (kiwanja) tunayoitumia pale Katuba, mtaa wa Lubumbashi, dosiye (faili la maombi ya fedha za mradi) magotini, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Kwenye ukurasa wa malipo aliweka kidole chini ya mstari mmoja, akaniuliza: "Mwanangu, hapa wameandika watalipa siku gani?"

Nikasoma tena. Malipo ni mara moja, baada ya miezi 18, mkaguzi akishafika na kuhesabu wasichana waliomaliza mafunzo ya kushona na ambao bado wana kazi miezi 6 baadaye. Kabla ya siku hiyo hakuna kitu.

"Na uzi? Na vitambaa? Mwalimu naye atakula nini miezi yote hiyo?"

Sikuwa na jibu. Wito wa kuomba fedha ulitoka kwa serikali moja ya nje, kupitia ofisi yake, na sisi ni chama kidogo cha hapa Lubumbashi chenye mashine sita za kushona na wasichana waliozaa mapema wakaacha shule. Tangu siku ile swali lake halijanitoka kichwani, na ndilo linalonifanya niandike.

Niseme wazi kwanza: mimi naunga mkono serikali kulipa kwa matokeo. Nimefanya kazi hii miaka mingi kiasi cha kuchoka na ule mtindo mwingine. Nimesaini listi za waliohudhuria semina hadi mkono ukauma. Nimeona fedha zikiisha kwenye kukodi ukumbi, kugawa fulana na kuandika ripoti nene, halafu msichana aliyeketi siku tatu anapewa cheti sawa na yule aliyekaa mwaka mzima akajifunza kukata mkono wa blauzi. Kukata mkono wa blauzi si mchezo. Ukikosea pale juu, kwenye mviringo wa bega, nguo yote inavuta upande mmoja na mteja harudi. Sisi tunamjua msichana aliyefaulu kwa mkono huo. Kwa hiyo mfadhili anaposema, "Sitalipia semina, nitalipia msichana mwenye kazi," mimi nasimama upande wake.

Ila nilitaka kujua mtindo huu ulizaliwaje, nikasoma.

Marekani ilipitisha sheria Februari 2018, ikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya miradi ya kijamii inayolipwa kwa matokeo, chini ya Wizara ya Fedha. Wanaoomba ni serikali za majimbo na za mitaa, si chama cha mtaani. Angalau nusu ya fedha iende kwenye miradi inayowafaidi watoto moja kwa moja. Mtathmini lazima awe huru, asiwe na faida yoyote katika jibu, na sheria inaruhusu hadi asilimia 15 ya fedha zitumike kwa tathmini. Yaani hata kuhesabu kumewekewa fungu lake. Na serikali kuu hailipi mpaka matokeo yaonekane.

Sasa kama serikali hailipi mapema, nani anauendesha mradi? Hapo ndipo nilipotulia kwa muda mrefu. Katika mtindo huu, tangu ulipoanza, kati ya serikali na wafanyakazi wa mradi huwa pana kiti cha tatu. Anakikalia mwenye fedha: benki, mfuko wa hisani, tajiri. Yeye ndiye anayetoa pesa za mwanzo, analipa mishahara na kodi ya nyumba. Mradi ukifaulu, serikali inamrudishia na faida kidogo. Ukianguka, hasara ni yake.

Waingereza walifungua njia mwaka 2010 katika gereza la Peterborough. Wawekezaji 17 walitoa pauni milioni 5 ili wafungwa wa vifungo vifupi wasaidiwe wanapotoka, wasirudi tena jela. Makosa ya kurudia yalipungua kwa asilimia 9, na mwaka 2017 wawekezaji wakarudishiwa fedha zao na faida ya zaidi kidogo ya asilimia 3 kwa mwaka. New York nayo ilijaribu mwaka 2012, kwa mafunzo ya kubadili tabia kwa vijana wa gereza la Rikers. Benki ya Goldman Sachs ilikubali kukopesha dola milioni 9.6, na mfuko wa hisani wa Bloomberg ukaweka dhamana ya dola milioni 7.2. Mwaka 2015 watathmini walikuta vijana wanarudi jela kama zamani. Mradi ukafungwa, na jiji halikulipa hata senti moja kwa matokeo ambayo hayakupatikana.

Wengi wanausimulia mradi wa Rikers kama aibu. Mimi nauona kinyume. Walimu waliokuwa wakiingia gerezani walikuwa wameshalipwa kazi yao. Walipakodi hawakupoteza. Hasara ilimwangukia mwenye mabega mapana, aliyejua tangu siku ya kwanza kwamba inaweza kumwangukia. Makubaliano yalifanya kazi yake hata pale mradi uliposhindwa.

Rudi sasa chini ya mwembe wetu Katuba. Katika dosiye ile kulikuwa na serikali itakayolipa, kulikuwa na mkaguzi, kulikuwa na sisi. Kiti cha tatu kimeondolewa. Kwa maneno mengine, mama mtunza hazina, ambaye akiba yake yote iko kwenye likelemba (mchango wa kupokezana zamu) ya wanawake kumi na wawili, ndiye aliyepangiwa kuwa mwekezaji. Yeye na mwalimu wetu wa kushona, ambaye anapanga chumba kimoja na watoto wanne. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kukopesha serikali ya watu wengine kwa miezi 18 bila riba.

Na si kwamba nchini kwetu haiwezekani kufanya vizuri. Mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianzisha mpango wa namna hii kwa vituo vya viungo bandia na mazoezi ya viungo huko Nigeria, Mali na hapa Kongo. Wawekezaji walitangulia kutoa fedha. Ubelgiji, Uswisi, Italia, Uingereza na mfuko mmoja wa Hispania waliahidi kulipa kwa kadiri ya matokeo. Kiti cha tatu kilikuwepo na kilikaliwa. Nadhani kinachotokea ni kwamba mradi mkubwa wenye wanasheria unapata kiti hicho, na wito mdogo unaoandikiwa vyama vya mtaani unakisahau.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa Katanga tungepaswa kulijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu lilifanyiwa kwetu. Kuanzia mwaka 2010 hadi 2012, katika Haut-Katanga, vituo vya afya viligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipata fedha kulingana na idadi ya huduma zilizotolewa, jingine likapata kiasi kisichobadilika. Watafiti Élise Huillery na Juliette Seban walifuatilia. Wauguzi wa kundi la kwanza walijitahidi kweli: walishusha bei, wakaitisha vikao zaidi vya kuelimisha watu. Lakini wagonjwa hawakuongezeka. Na kwa kuwa bei zilishuka, mapato ya vituo yakashuka, na mfuko wa muuguzi ukashuka pamoja nayo.

Ninaposoma habari hiyo namwona muuguzi ninayemfahamu mwenyewe, si takwimu. Mtu amefanya yote yaliyo mikononi mwake. Lakini mgonjwa kuja au kutokuja kunategemea barabara, mvua, na kama mume yuko mgodini au amerudi. Ukimlipa muuguzi kwa jambo asilolishika, umemtwisha hatari isiyo yake. Kwa Rikers hatari ilibebwa na benki na mfuko wa Bloomberg. Kwa Haut-Katanga ilibebwa na mtu mwenye aproni.

Kwenye daftari letu la wasichana, daftari la kawaida la shule lenye mistari, mama mtunza hazina anaandika jina, mtaa, jina la mtoto, na namba ya simu ya mtu mmoja wa karibu. Nilipitia ukurasa wa mwaka jana nikiwa na fomu ya mkaguzi mkononi. Msichana wa kwanza: ana mashine yake, anashona sare za shule katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, karibu na soko. Amefaulu bila ubishi. Wa pili alikwenda Kasumbalesa kuuza nguo mpakani na Zambia. Simu yake haipatikani. Kwa fomu ile, asiyepatikana amehesabiwa kuwa ameshindwa. Wa tatu anauza vitumbua asubuhi na kushona jioni, na fomu inataka "kazi moja kuu". Wa nne alifiwa na mama yake, akaacha miezi miwili, akarudi. Kumtafuta yule wa Kasumbalesa tu kunadai nauli ya kwenda na kurudi, na fomu haikuwa na sanduku la nauli.

Unajua kinachofuata. Chama chenye njaa kitaanza kuchagua. Kitamchukua msichana aliyemaliza sekondari, mwenye mama wa kumlelea mtoto, anayekaa karibu. Yule wa kuzaa akiwa na miaka 15, asiye na mtu, ataambiwa nafasi zimejaa. Mkaguzi atakuja, atahesabu, matokeo yatapendeza, na yule tuliyeanzisha chama kwa ajili yake atakuwa nje ya geti. Sitaki kufika huko, na najua kwa miezi 18 bila mshahara tungefika.

Watu wataniambia Lubumbashi haina benki ya kukaa kwenye kiti cha tatu. Ila fedha zinapita hapa kila siku kwenye malori ya shaba. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za uchimbaji zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Kati ya mrabaha wa madini (malipo ambayo kampuni hulipa serikali kwa madini inayochimba), asilimia 15 ni ya maeneo ya chini, yaani komini, sekta na uchifu ambako mgodi unafanya kazi. Kwa maoni yangu fungu la kampuni ndilo lingefaa kutangulia: lilipe mwalimu, uzi na nauli mwezi kwa mwezi, likijua kwamba mradi unaweza kuanguka. Na jimbo au komini, au serikali ya nje ikipenda, ndiyo ilipe matokeo yakishahesabiwa, fedha zirudi kwenye fungu zisaidie chama kingine. Kampuni inayochimba shimo la mamia ya mita bila kuwa na hakika kamili ya kilicho chini inajua kubeba hatari kuliko mama wa likelemba.

Kwa wenzangu wa vyama vidogo walio na dosiye kama hii mezani: msianzie ukurasa wa malengo, ule mzuri wenye picha. Anzieni ukurasa wa malipo. Tafuteni nani anatoa pesa mwezi wa kwanza. Kama jina lililoandikwa pale ni lenu, ulizeni kwa maandishi. Ulizeni pia asiyepatikana anahesabiwaje, na nani analipia kumtafuta.

Sisi hatukuikataa dosiye. Tumeijaza yote, kisha tukaambatanisha barua ya ukurasa mmoja tukiomba theluthi moja itangulie kwa ajili ya mwalimu na vifaa, isirudishwe hata matokeo yakipungua, na nafasi tano kati ya ishirini ziwekwe kwa wasichana wasio na mtu wa kuwalelea watoto, wahesabiwe kwa kipimo chao. Mama mtunza hazina aliisoma barua mara mbili, kidole chini ya kila mstari. Kisha akaomba kalamu, akaongeza nauli ya Kasumbalesa kwa mkono wake, akasaini.