Nilitaka Koma, Nikakomeshwa

Jamani, mimi nilitaka koma. Koma moja! Ile programu inayonipangia msimbo ukae nadhifu husahau koma ya mwisho kwenye orodha, nami kila siku naipachika kwa mkono kama mzazi anayemfunga mtoto vifungo. Nikasema, si ni programu huria, msimbo wake wazi kwa yeyote kuurekebisha? Nikafungua chanzo chake, nikaupata mstari wenye kosa, nikaurekebisha, nikaandika na maelezo ya adabu, bado kupiga magoti tu. Nikatuma.

Kimya wiki sita. Kisha mtunzaji akajibu: asante, ila hatupokei tena marekebisho kwa lugha ya Python, tunaiandika programu yote upya kwa lugha nyingine, Rust.

Rust! Mimi ambaye Python 2, toleo la zamani, ilizikwa Januari 1, 2020 nikiwa bado nimeshikilia sanda! Haya, nikajaribu jioni moja. Naandika mistari kumi, kompaila, ile programu inayomtafsiria mashine msimbo, inanijibu arobaini, na vishale vya kunionyesha nilipokosea. Eti thamani imeazimwa, na mwenyewe keshaihamisha. Kuazimana huko hata na majirani kumenishinda.

Nikamuuliza, kwani Rust ya nini? Kasi, akasema. Programu yenyewe inamaliza kwa nusu sekunde! (Wenye faili maelfu nawaelewa. Wenye lugha ya TypeScript nao mwaka 2025 walitangaza kuhamishia kompaila yao kwenye lugha ya Go, wapate kasi mara kumi. Mimi nina faili sita.)

Wajuaji wakanishauri: hukuridhika, chukua nakala uanzishe yako. Ni kweli, programu ya kuandikia msimbo, Neovim, ilitoka kwa mwenzake Vim hivyo hivyo mwaka 2014. Lakini wale walikuwa na makubwa yao. Mimi nijitangazie jamhuri kwa ajili ya koma? Halafu niamshwe usiku na mlalamishi kama mimi?

Guido van Rossum, aliyeiunda Python, aliitwa dikteta mwema wa maisha. Mwaka 2018 akaachia ngazi, amechoshwa na ugomvi uliozuka juu ya alama hii: :=. Nukta mbili na sawasawa! Kumbe vialama humng'oa mtu kitini. Mtunzaji wangu hata kope hakupepesa.

Jana toleo la Rust limetoka. Nikalipakua mbio, nikalilisha faili langu. Mstari ule wameuhamisha mzima mzima, na kosa lake. Sasa inasahau koma kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe.